Unene wa Marseli

Mwaka wa sabini na nane, kwenye shamba la kahawa Oldeani, Rozalia alisifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Mumewe Marseli, mbeba magunia, alikuwa ametoka likizo kwao Singida, alikokwenda porini kurina asali. Mwezi haukuisha, mashavu yakamjaa, macho yakawa madogo.

"Mama Piusi, unamlisha nini yule?" Ester, mchumaji mwenzake, alimtania. "Asali mnakula wawili, sisi mnatuachia nta?"

Rozalia akacheka, akajiona mke hodari.

Lakini Marseli alikuwa na homa za kuja na kuondoka, na kila hatua chache mlimani alisimama, mkono kifuani. Jumapili moja Rozalia alikuwa akimpaka mafuta miguuni, kidole gumba kikazama kwenye muundi. Akakiondoa. Shimo likabaki, kama kwenye ugali wa moto.

"Baba Piusi, huu si unene."

"Maneno ya Ester yamekuingia."

"Kesho hubebi gunia. Tunakwenda Karatu."

Hospitalini daktari aliinamia hadubini muda mrefu, kisha akauliza kama Marseli aliumwa na mbung'o.

"Porini nani anahesabu?" Marseli akajibu.

"Ni malale. Watu hudhani ni ugonjwa wa usingizi tu. Vijidudu viko kwenye damu, na damu hufika kote. Moyo wako umevimba, umechoka kusukuma. Figo nazo zinavuja. Maji yamebaki mwilini, ndiyo hayo mashavu." Akamgeukia Rozalia. "Mngechelewa wiki mbili, mama, ningekuwa naongea na wewe peke yako."

Sindano za dawa ya malale nazo zilikuwa kali kwa figo, kwa hiyo kila mara mkojo ulipimwa kwanza. Siku nyingine walimrudisha kitandani bila kumchoma, na Rozalia akashinda kwenye benchi, hana hata sala iliyokamilika. Maji yakatoka kidogo kidogo. Wiki ya tano Marseli akaruhusiwa, shati likimning'inia.

"Damu ni safi," daktari alisema. "Moyo siwezi kuuahidi. Magunia basi."

Njiani Rozalia akamweleza kwamba amekwisha kumwomba nyapara: atachambua kahawa mezani, pamoja na akina mama.

"Mimi? Nikae na wanawake?"

"Ukae," Rozalia akasema. "Nakuomba, Marseli. Ukae."