Jangwa la Shangazi Wadia

"Shangazi, hizi adesi zako zitaota lini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, pua yangu imekaribia kuingia kwenye sahani yake. Shangazi Wadia ni mshonaji hapa Zahle, na kila Jumamosi ya Majilio alitufundisha watoto wa parokia somo moja tu: subira. Alitupanga mbele ya sinia la kaimati, akaturuhusu kunusa. Aliyenyoosha mkono kabla ya sala kwisha alikula wa mwisho.

Siku ya Mtakatifu Barbara, mapema Desemba, kila nyumba hutandaza pamba kwenye sahani, hutia adesi na maji, na kufikia Noeli majani huwa yamerefuka kiasi cha kupamba pango la Mtoto Yesu kanisani. Ila sahani inayowekwa mbele kabisa, miguuni pa hori, ni moja. Miaka kumi na miwili mfululizo ilikuwa ya Jamile, wifi yake Shangazi. Mwaka ule Wadia aliapa kuwa itakuwa yake.

Wiki ya kwanza, kimya. Majani ya Jamile yalishafika urefu wa kidole.

"Wifi, umepanda adesi au vifungo vya shati?"

"Haraka haina baraka, Jamile. Yako yamerefuka kama ulimi wako."

Wiki ya pili zikavimba, zikaanza kunuka. Shangazi alifungua dirisha, akatuambia hiyo ndiyo harufu ya uhai unaojiandaa. Tukaiandika kwenye madaftari.

Zikiwa zimebaki siku tatu, Jamile alikuja akaiminya moja kwa kidole.

"Yarabi! Wadia, si hizi nyekundu za supu? Zimekobolewa hizi! Zingoje mpaka kiyama!"

Alicheka mpaka akakalia kitambaa cha mteja. Huku kwetu kila mama anajua kwamba adesi iliyokobolewa haioti; ya kupanda ni ile yenye ganda. Shangazi aliiweka sahani juu ya jiko la mafuta mpaka adesi zikakauka, zikashikana, zikageuka za njano, zikajaa nyufa. Mchana wa kuamkia Noeli akaibeba kanisani, shingo imenyooka.

Padri Tanios akakuna ndevu. "Hii nini, binti yangu?"

"Jangwa, Padri. Kwani Mamajusi walipita bustanini?"

Padri akaiweka mbele kabisa, na ngamia watatu juu yake. Majani ya Jamile yakahamishiwa nyuma ya punda. Tangu hapo jangwa ni la Wadia kila mwaka, na somo la subira pia.

Jumamosi iliyopita, nikiwa sasa na miaka kumi na sita, nilimkuta akiloweka adesi nyekundu. Nikamuuliza tena: zile za mwaka ule, alidhani zitaota lini?

"Siku ya tano nilishajua hazioti," alisema, akichungulia mlangoni kuhakikisha Jamile hayupo. "Lakini nilikuwa nimeshawafundisha subira. Ningekimbiliaje dukani kununua zenye ganda mbele yenu?"