Siku Mama Shiku Alipopiga Simu Redioni

Watiri Wamae alikuwa ameshona nguo mjini Nanyuki kwa miaka ishirini na sita, sare za shule hasa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupiga simu redioni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Redio ilikaa juu ya kabati la nyuzi, cherehani ikikimbia na redio ikiongea, na siku iliisha bila yeye kukumbuka kwamba yuko peke yake. Mumewe, Waweru, alikuwa amefariki. Binti yake, Shiku, alikuwa muuguzi Nyeri na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Hakuwa mwanamke mwoga kwa kuzaliwa. Alikulia Gakindu, kwenye mashamba ya kahawa, akienda mtoni peke yake kabla jua halijatoka. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, dada yake Njoki alifika mlangoni kutoka Bonde la Ufa, ana watoto watatu na sufuria moja, na nywele zake zilinuka moshi kwa siku nyingi hata baada ya kuoshwa. "Wale walikuwa majirani zetu," Njoki alikuwa akisema, tena na tena. "Tulikuwa tunazikiana." Tangu hapo, kila uchaguzi ulipokaribia, Watiri alijiandaa kwa mabaya. Alinunua unga wa miezi miwili, akaficha kitambulisho chake ndani ya sidiria.

Chumba chake cha kushonea kiligawana ukuta wa mbao na duka la Luul, mwanamke Msomali aliyeuza vitambaa, madera na mapazia. Walikuwa majirani kwa miaka tisa. Mteja akinunua kitambaa kwa Luul, alielekezwa hapo kando akashonewe na Mama Shiku. Watiri akienda mazishini kwao Mukurweini, funguo zilibaki kwa Luul, ambaye alimwita Mama Bulle, kwa jina la mwanawe. Saa nne za asubuhi chai ya tangawizi ilivuka kutoka upande mmoja, mandazi yakavuka kutoka upande wa pili. Mume wa Luul, Abdiwahid, alifanya biashara ya ng'ombe na hakuwa msemaji. Alisalimia, akapita.

Uchaguzi ukiwa umebakisha miezi sita, kile kituo ambacho Watiri alikizoea kilileta mtangazaji mpya, kijana aitwaye Kingori. Alipewa kipindi cha asubuhi, cha watu kupiga simu na kutoa maoni, kwa Kikuyu. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu anayekuamkua akijua jina lako. Hakutaja kabila la mtu hata siku moja. Alisema "magugu."

"Mkulima hangoji magugu yafunike kahawa," alisema. "Anapalilia mapema. Angalieni hapo mlipo. Nani amenunua ile ploti ya kona? Nani anafungua duka, na mtoto wako amekaa nyumbani na cheti? Mkipigia watu wasio wetu kura, hao ndio watapewa mlango wa kuingilia. Mimi sisemi kitu. Mimi nauliza tu."

Mwanzoni Watiri alimcheka. Kisha akaanza kumngojea. Watu walipiga simu kutoka Kagio, Karatina, Nyeri, kila mmoja ana kitu alichokiona: gari lisilojulikana, kikao nyuma ya pazia, wanaume waliokuwa wakipima barabara. Hakuna aliyesema alichokiona kilikuwa nini hasa, na hilo ndilo lililomtia Watiri hofu zaidi. Akaongeza kufuli la pili. Akaacha kula mchana. Chai ya Luul ilikuwa ikivuka bado, lakini sasa alipoipokea aliangalia mikono ya Luul, akajiuliza mikono hiyo inajua nini, akaona haya, na kesho yake akajiuliza tena.

Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, lori kutoka Isiolo lilisimama mbele ya duka la Luul. Vijana wanne ambao Watiri hakuwahi kuwaona walishusha mizigo mirefu iliyofungwa kwa magunia na kamba. Mizigo ilikuwa mizito. Kila mmoja ulibebwa na watu wawili. Waliiingiza haraka na mlango ukafungwa, ilhali Luul hakuwa na desturi ya kufunga mlango mchana. Watiri alisimama nyuma ya nguo zilizotundikwa, mkasi mkononi. Akilini akaona nyumba ya Njoki ikiungua, ingawa hakuwahi kuiona. Kingori alikuwa akisoma nambari ya simu hewani. Watiri alikuwa ameshaijua kwa moyo.

Alipiga, akangoja dakika ishirini. Kisha sauti ile nzuri ikamjia sikioni.

"Tuko na nani?"

"Mama Shiku. Wa Nanyuki."

"Mama, mbona sauti inatetemeka? Sema, uko nyumbani."

"Nimeona lori. Hapa jirani. Wamebeba vitu virefu, wamefunika na magunia. Na vijana siwajui."

"Jirani ni nani, mama? Ni wetu?"

Watiri akatazama ule ukuta wa mbao. "Hapana."

"Virefu kama nini?"

"Virefu tu. Sijui."

"Virefu kama jembe? Kama bunduki?"

"Mimi sijui, mwanangu. Sijaona ndani."

"Mmemsikia. Mama anaogopa hata kutamka. Ni upande gani huko Nanyuki, ndio watu wetu wajichunge?"

Naye akamwambia. Akataja mtaa, akataja hata duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Simu ilipokatika alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua kuni. Wepesi huo haukudumu hata dakika tano, maana alitambua kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya kabisa. Mashine ya Luul ya kukata vitambaa ilikuwa imenyamaza.

Luul akaingia. Hakubisha. Alisimama katikati ya vipande vya kitambaa cha kijani, na alipofungua mdomo alizungumza Kikuyu, Kikuyu safi cha mtu aliyezaliwa Nanyuki.

"Mama Shiku. Si ungeniuliza?"

Kwa miaka tisa Watiri alikuwa akiongea naye Kiswahili. "Unasikia Kikuyu?"

"Nimekua nikicheza mchezo wa kati na watoto wenu hapa. Huyo mtu wa magugu namsikia kila asubuhi kupitia hizo mbao. Miezi mitano. Nilikuwa nasema, Mama Shiku anasikiza tu, ni kelele ya kumsaidia kazi." Akageuka. "Kuja uone bunduki."

Alimwongoza hadi dukani na kukata kamba ya kwanza. Ilikuwa mikeka. Mikeka mikubwa ya plastiki, imekunjwa, na fito za chuma za kutundikia mapazia. Bisharo, bintiye mkubwa, alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Vijana wale walikuwa wapwa zake, na mlango ulifungwa kwa sababu Bisharo hakutakiwa kuona rangi kabla ya siku. Foronya arobaini za mito, Luul alisema, alikusudia kumpa Watiri azishone.

Kufikia saa sita simu ya Watiri ilikuwa ikilia bila kukoma. Katika kikundi cha akina mama wa kanisa mtu alikuwa ametuma sauti, na sauti ilikuwa yake. Ilikuwa imekatwa. "Nimeona lori hapa jirani," ilisema, kisha Kingori akasema "bunduki," kisha mtaa na duka la dawa. Yale maneno "sijui" na "sijaona ndani" hayakuwemo. Murugi, mwenyekiti wa kikundi, aliandika chini yake: Tuombeane, na tusilale.

Saa tisa barabara ilikuwa imejaa. Waendesha boda boda walikuwa wameegesha pikipiki mstari mzima wakitazama. Baadhi yao Watiri alikuwa amewashonea kaptula za darasa la kwanza. Abdiwahid alikuwa amefika mbio kutoka sokoni na kuifungia familia yake ndani ya duka. Kupitia ukuta Watiri aliwasikia wakiburuta kitu kizito kuelekea mlangoni, na mtoto akiambiwa anyamaze.

Angeweza kufunga na kwenda nyumbani. Alifikiria hivyo, na hakuwahi kulificha jambo hilo baadaye. Kisha akatoka, akasimama mbele ya mlango wa Luul.

"Ile sauti ni yangu," akasema. "Mimi ndio nilipiga. Nilikosea. Nimeingia ndani, nimeona na macho yangu. Ni mikeka ya harusi."

Mtu aliyekuwa mbele, fundi wa magari aitwaye Kinyua, alimtazama kwa huruma. "Mama, umetishwa. Kuja huku kwetu."

"Sijatishwa, Kinyua. Nakwambia ni mikeka."

"Basi wamekupatia nini?" mwingine akauliza nyuma. "Asubuhi ulikuwa unalia redioni, saa hii ni mikeka?"

Watiri aliona nyuso zikibadilika. Huruma iliondoka, na kilichokuja mahali pake alikifahamu vizuri, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho yeye mwenyewe asubuhi, nyuma ya nguo zake. Walimwogopa. Jiwe lilipiga bati juu ya kichwa chake. La pili lilimpata begani. Hakusogea, lakini si kwa ujasiri. Alishindwa kuinua mguu.

Polisi walifika kabla ya jiwe la tatu. Walitoa mizigo yote nje, mmoja mmoja, wakaikunjua barabarani mbele ya watu: mikeka kumi na miwili, ya zambarau na dhahabu, ikapigwa na jua. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeomba radhi. Pikipiki ziliwashwa moja baada ya nyingine, na Kinyua akasema akiondoka, "Lakini ni vizuri kujichunga."

Kesho yake Watiri alipiga simu redioni tena. Mtu aliyepokea alimuuliza anataka kusema nini, naye akasema anataka kurekebisha maneno ya jana. Simu ikakatwa. Akapiga tena, mara nne, mwisho akasema ana habari za magugu. Wakamwingiza hewani.

"Mimi ni yule mama wa Nanyuki," alisema haraka. "Hakukuwa na bunduki. Ilikuwa mikeka ya harusi. Nilidanganya watu kwa sababu ya woga, na wewe ukanisaidia kudanganya."

Kingori akasema taratibu, kwa upole mwingi, "Mnasikia, watu wangu? Jana alikuwa huru. Leo wameshamfikia." Wimbo ukaanza.

Watiri alizima redio. Bega lilikuwa limevimba, na Shiku, aliyekuja kutoka Nyeri kwa gari la kwanza, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto. "Mama, twende tukae wote Nyeri mpaka kura iishe," alisihi. Watiri alikataa. Alikuwa na foronya za kushona.

Alizishona arobaini zote, lakini hakuna aliyezitumia Nanyuki. Wiki iliyofuata, mchana kweupe, Abdiwahid alipakia duka zima kwenye lori lile lile na kuhamisha watu wake Isiolo. Luul alikuja kuchukua foronya. Alizihesabu, akashukuru, akasema harusi itafanyika huko. Hakumwalika.

Uchaguzi ulipita bila nyumba hata moja kuchomwa mtaani kwao. Mwezi mmoja baadaye Watiri alisafiri hadi Isiolo, akauliza mpaka akaipata nyumba. Luul alimpokea vizuri, akampa chai na nyama, akaulizia bega.

"Utarudi, Mama Bulle?" Watiri aliuliza hatimaye. "Chumba bado kiko wazi."

"Wewe nimekusamehe, Mama Shiku. Kweli kabisa," Luul akasema. "Lakini ile sauti yako bado inatembea kwa simu za watu. Bulle aliisikia shuleni, huku huku Isiolo. Nikirudi, nitajua aje ni nani ameisikia na ni nani amesikia ile ya pili, ya mikeka?"

Walikaa wakanywa chai. Chumba kile kilikodishwa baadaye na muuza viatu vya mpira. Bisharo alijifungua mtoto wa kike mwaka uliofuata, na Luul mwenyewe ndiye aliyempigia Watiri kumpa habari, maongezi ya dakika mbili hivi, kwa Kikuyu.