Alama ya Nyumba Yetu

Wazazi wetu walipokufa wakati wa vita, niliacha shule. Nilibaki na wadogo zangu na nyumba yenye vyumba vichache vya kupangisha. Mgeni akitoka Punia au Kibombo, hatukumwambia tunakaa wapi. Tulimwambia angoje kivukoni, kisha mmoja wetu akamchukua na kumpitisha nyuma ya mashamba ya muhogo. Jirani yetu alichukuliwa na wenye bunduki kwa sababu mtu mmoja alinyoosha kidole kwenye mlango wake.

Vita viliisha, lakini wageni tuliendelea kuwachukua kivukoni.

Mwaka jana serikali ya jimbo ilileta mpango kwa nyumba ndogo za wageni: simu, mafunzo, na nafasi kwenye tovuti ambapo watalii wanaokuja kuona mto na msitu hutafuta pa kulala. Vyumba vyetu vilikuwa vimekaa vitupu majira yote ya ukavu. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ninaendesha naye nyumba, alikuwa ameshasema kazi isipopatikana hapa ataenda kuitafuta Kisangani.

Kwenye mafunzo tuliambiwa kila mmoja aweke alama kwenye ramani, mahali anapopokea wageni. Nikaiweka kivukoni.

Siku ya ukaguzi, afisa wa mpango, mwanamke mcheshi, alitazama simu yake akacheka.

"Mama, alama yako iko kwenye maji. Watalii watalala ndani ya mutumbwi?"

"Pale njo tunawapokeaga."

"Hapana, Mama. Inapaswa kukaa juu ya nyumba. Bila ile siwezi kuwapitisha."

Mdogo wangu akaniinamia. "Yaya, dada yangu, vita iliisha. Unamuficha nani tena?"

"Wewe."

"Miye? Na hizi ndevu zote?"

Afisa alicheka. Sisi wawili hatukucheka. Mdogo wangu hakumbuki siku walipopita wenye bunduki: alikuwa mgongoni mwangu, nimemfunga kwa kitenge, mdomo wake nimeuziba kwa mkono. Lakini Kisangani ni mbali, na nilijua hasemi kwa kunitisha. Nikachukua simu, nikaisogeza alama mpaka juu ya paa letu.

Baada ya majuma machache, mchana, mtu alibisha hodi getini. Walikuwa mume na mke, mabegi mgongoni, simu mkononi. Walikuwa wamekuja moja kwa moja, bila kuuliza mtu yeyote njia. Mdogo wangu aliwapokea kwa furaha ambayo sijaiona kwake kwa muda mrefu. Nikawapikia sombe, majani ya muhogo, na samaki, wakala wakasifu.

Walipokwenda kupumzika, nilimuuliza mdogo wangu, "Ile ramani, nani mwingine anaiona?"

"Kila mutu, Yaya. Njo maana yake."

Nikaingia chumbani kwangu, nikaanza kukokota kitanda kwenda chumba cha mbele, kinachotazama geti. Mdogo wangu alisimama mlangoni akaniangalia. Alishika upande wa pili, akainua.