Mama Numbi na Mbuzi ya Bourse

Mama Numbi, jirani yangu hapa Kamina, alianza kuuza samaki ya kukausha mbele ya kuota meno yote. Anaendaka ku Kinkondja, anarudi na bitunga ya samaki juu ya velo, baiskeli yake. Siku moja mu ziwa Kisale, kambale moja alimeza kasia yake, akavuta pirogi mpaka karibu ya Mulongo. Numbi akamutukana matusi ya kizazi chake chote, na ule kambale, kwa haya, akamurudisha pa kivuko. Kama unasema ni bongo, ni uongo, uende uulize kambale.

Numbi iko na mukwe, Jean-Baptiste, bwana ya binti yake Gisèle. Ule kijana anasoma doctorat. Mwaka huu balimupatia bourse, njo feza ya kutembea, kuuliza bantu maswali na kuandika thèse, kitabu ya kumaliza masomo. Minyi sikusomaka, lakini nilielewa: kuko bantu banalipa ili bajue namna gani bamama banauza samaki. Nilicheka mpaka mbavu ikaomba ruhusa.

Sasa nani mu Kamina anajua samaki kupita Numbi? Lakini kwetu Baluba, mukwe na mama-mukwe habaonanake uso na uso. Akimuona mu njia, anageukia majani. Ile haya inaisha siku mukwe analeta mbuzi, banaikula, njo kinywa inafunguka. Jean-Baptiste alioa, akasoma vitabu, mbuzi akaisahau. Basi akabeba kimashini chake cha kushika sauti, akapita mulango ya Numbi, akaingia kwa Émerence, kiwanja ya pembeni.

Émerence ni mujane ya soda, njo askari, anauzisha samaki ku base, kambi yabo. Ziwa haikuonaka hata na macho ya ndoto. Samaki ananunua kwa Numbi. Lakini siku ile alisuka nywele, akavaa liputa ya sikukuu, akaanza kuelezea kimashini namna kambale alivuta pirogi yake.

Numbi alikuwa nyuma ya lupango ya matete, anasikia yote. Roho ikamuwaka sawa moto ya kukaushia. Haikuwa mambo ya feza. Aliona maisha yake inaingia mu kitabu na jina ya mwingine.

Kuzungumuza na mukwe hawezi. Lakini kuzungumuza na kuku, nani alikataza? Akageuza mugongo, akapandisha sauti.

"Weye kuku, kuko mama moja anapandaka pirogi na mudomo. Umuulize kambale inalala wapi wakati ya mvua."

Émerence hakuangalia hata lupango.

"Weye kuku, umuambie mwenyeji wako wivu haikaushake samaki."

Jean-Baptiste aliinamisha kichwa mpaka kidevu ikagusa shati. Alielewa kama mama mwenye yeye anatafuta iko ngambo ya matete. Alitoka pale, akamutuma Gisèle kuuliza kama mama atakubali kusema. Numbi akajibu kama kinywa yake iko na kufuli, na ufunguo iko na pembe mbili.

Kijana mufuko yake ilikuwa bure. Bourse ilikuwa ya safari, karatasi na pile, betri ya kimashini. Nani aliwaza mbuzi? Akamupigia professeur wake simu. Professeur akauliza mbuzi itafanya nini mu thèse ya biashara. Jean-Baptiste akamuelezea bukwe, ile desturi ya mukwe na mama-mukwe, mwanzo mpaka mwisho. Mukubwa akacheka, akasema anunue na feza ya bourse, aandike mu hesabu kama ni kazi ya kukutana na bantu. Njo akaenda kutafuta mbuzi ku Kaniama. Akarudi nayo juu ya moto, ile pikipiki, imevaa kofia ya dereva, bote tuliona.

Balikula ile mbuzi kisha ya misa ya siku ya Mungu. Jean-Baptiste akanawa mikono, akainua macho mara ya kwanza.

"Mama, nilipashwa kuanza kwako."

"Ulipashwa kuanza na mbuzi, mutoto wangu. Washa kile kintu."

Lakini Numbi hakukaa mu nyumba. Alibeba kiti mpaka pa lupango, akageuzia uso ku kiwanja ya Émerence, akaanza tangu siku mama yake alimuzaa, na sauti ya kutosha viwanja viwili. Kule ngambo Émerence akashika mutwango, akatwanga kwa nguvu ili asisikie. Minyi nilichungulia: kinu ilikuwa bure, hata kipande ya muhogo haikuwa ndani.