Mteremko wa Kupita Mmoja Mmoja

Jumamosi ile pale Harrow, Landani, haikuwa na lolote. Mama anakaanga bajia, mdogo wangu Karim anazidokoa zingali moto, Mama anamchapa mkono. "Wewe mtoto, utakula mpaka sufuria!" Mtoto mwenyewe ana ndevu.

Kesho yake mimi na Karim tukaondoka na lori la dawa kwenda Bosnia, kwenye vita. Mimi nilikuwa nesi, yeye dereva. Mama, mzaliwa wa Mombasa, hakutuzuia. Alituusia neno moja tu: "Msiachane."

Mama hakuwa akiaga tu. Tulipofukuzwa Uganda sisi Wahindi, kwenye kizuizi cha barabara ya Entebbe, askari walimwita Baba kando. "Mara moja tu, mzee." Hakurudi. Tangu siku ile Mama hakutuachia mkono. Huku Landani tulikuwa wakubwa na bado tunakwenda sokoni tumefuatana kama vifaranga. Watu walitucheka. Wacheke, baba zao walirudi nyumbani.

Bosnia tulikuta barabara ya bondeni inapigwa mizinga, na kijiji cha juu kina majeruhi wasio na hata dawa ya ganzi. Tukaacha lori, tukabeba mabegi mgongoni, tukamfuata Mirza, mwenyeji wa milima ile. Kabla ya mteremko wa mwisho alichimba shimo kwa sepetu, akatuonyesha ukuta wake. Juu theluji mpya iliyoshindiliwa na upepo, ngumu kama ubao. Chini yake tabaka la chengachenga zisizoshikana, ukizichota zinamwagika kama sukari. Uzito ukizidi kidogo tu, alisema, sukari inateleza na ubao wote unashuka nayo.

"Mmoja mmoja," akatuambia. "Mwenzako akifika kwenye ule mwamba wa ng'ambo, ndipo nawe utoke. Si kabla."

Karim akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili. "Dada, kwa nini tuachane?"

"Ni hapo tu, Karim. Ningoje nifike."

Mirza akapita. Nikafuata mimi.

Nilipokaribia mwamba, ukungu ukashuka. Mizinga ikalia bondeni. Nikamsikia Karim ananiita, "Dada! Dada!" Nikapiga ukelele abaki palepale. Sijui kama alinisikia.

Akaja.

Theluji ikatoa sauti, vuu, chini ya miguu yetu. Ufa ukapita kati yangu na yeye. Mimi nikabaki juu.

Tulichimba, Mirza kwa sepetu, mimi kwa mikono. Tulipomfikia, mdomo ulikuwa umejaa theluji. Nikamtoa, nikampulizia pumzi, nikamkandamiza kifua, nesi mzima mimi. Wapi! Dawa zilifika kijijini. Watu huniambia ziliokoa roho, na ni kweli, lakini sipendi kuambiwa.

Matangani Harrow nilimweleza Mama yote, sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Basi ni mimi niliyemfundisha."

"Hasha, Mama!" Nilimkaripia mama yangu mbele za watu, na sijutii. Waliomfundisha Karim kuogopa kubaki nyuma ni askari wa Entebbe. Waliomtoa barabarani wakampeleka kwenye theluji ni wenye mizinga. Majirani walijaa nyumba nzima kuja kutuhani. Katika hao askari na wenye mizinga, hakuja hata mmoja.