Kifungo Kimoja cha Kesho

Mshonaji tunayemsimulia hapa alizaliwa mwaka 1938, mama yake akiwa katikati ya kupiga pindo la shuka. Shuka likasubiri siku tatu ndipo likamaliziwa. Alirithi cherehani ya mama yake na wepesi wa mikono. Pombe hakuirithi kwa mtu. Aliianza alipofiwa na mumewe: kila nguo ilipokamilika alijipongeza kwa glasi moja, kisha glasi ikazaa chupa. Akafikia kushona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Binti yake akahamia kwa shangazi, akasema, "Nitarudi ukiacha, mama."

Aliapa mbele ya altare kwamba hatakunywa maisha yake yote. Kiapo cha kwanza kilidumu siku kumi na moja, cha pili tisa, cha tatu hakikufika jioni. Hatuandiki haya kwa kumwaibisha. Mwenyewe aliyasimulia akicheka. Baada ya hapo alijichunguza kama fundi anavyochunguza mshono uliovuta, akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia: kiu haikumjia akiwa kazini. Ilimjia kazi ilipokwisha. Basi akaomba neema ya siku moja tu, na tangu Jumatatu moja ya mwaka 1972 hakuifunika cherehani bila kubakiza kifungo kimoja cha kukazwa asubuhi, kwa mkono usiotetemeka. Wateja wakamwita Mama Kesho.

Jaribu kubwa lilimpata mwaka uliofuata, wiki ambayo hakuletewa kitambaa hata kimoja. Rafiki yake, mwenye kilabu cha jirani, akaingia na chupa.

"Shoga yangu, leo huna hata kifungo. Onja kidogo, nani atakuona?"

Mama Kesho akapanda kiti, akashusha pazia la dirishani, akaanza kulifumua pindo.

"Wewe! Pazia zima?"

"Nina kazi, shoga. Karibu chai."

"Chai yako imenichosha," alisema yule, lakini akaketi, akashika ncha ya pili.

Wiki ile pazia lilifumuliwa na kushonwa mara sita. Jumamosi binti yake akaja kumjulia hali, akatazama matundu ya sindano.

"Mama, hili limeliwa na panya?"

"Limeliwa na mimi."

Jumapili binti akarudi na begi lake.

Wengi walimjia baadaye wakitaka dawa. Mwashi mmoja aliulizwa kiu yake huja lini, akajibu, "Nikila peke yangu." Akaambiwa, "Basi kifungo changu hakikufai, mwanangu. Tafuta chako, nami nitakuombea." Mwashi akaanza kula jioni kwa mama mkwe wake, wala hakunywa tena. Kanisa halijatamka kama Mama Kesho ni mtakatifu, nasi hatulitangulii. Twaweza tu kumwiga, kila mtu kwa kiu yake.

Alifariki alasiri moja ya mwaka 2004, baada ya miaka thelathini na miwili bila tone. Juu ya cherehani lilikutwa shati, limekosa kifungo cha juu. Binti yake aliichomoa shatini sindano iliyokwisha kutungwa uzi, kisha akaichomeka tena palepale.

"Hiki ni cha kesho," alisema.