Springi Niliyomfungia Baba Mkwe

Admin, naomba jina langu lisionekane, kwa sababu mke wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina watoto wawili na gereji ndogo upande wa Kinoru hapa Meru. Naandika nikiwa mtulivu kabisa. Huo utulivu ndio unaoniogopesha.

Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa Majimbo, Embu. Ana gari la zamani, umri wake karibu na wa mke wangu, na analipenda. Kwa miaka mingi hakuwahi kuniletea hata nimbadilishie oili. Alikuwa na fundi wake huko Embu, na mimi nilielewa maana yake. Halafu mwaka jana mwezi wa nane yeye na mama mkwe walikuja kuona wajukuu, gari likiwa limelala upande mmoja mbele. Akaniambia niangalie. Springi zote mbili za mbele zilikuwa zimechoka.

Kwa gari la umri huo, springi halisi ni shida kupata. Kuna za mtumba kutoka Japani, ambazo ukipata nzima zinadumu, na kuna mpya za rahisi zinazong'aa rangi nyeusi. Hizo mpya nilizijua. Miezi michache kabla, mteja alinirudishia gari, springi ya aina hiyo hiyo imekatika mzunguko wa chini. Lakini Mwalimu alitaka kurudi Embu kesho yake, na za mtumba zingechukua siku tatu kufika. Ningemwambia asubiri, angesubiri. Sikumwambia. Nilitaka aone kwamba mume wa binti yake anaweza kazi. Nikamfungia zile mpya. Gari likasimama sawa, akalizunguka mara mbili, akanishika bega akasema, "Kumbe mkono unao." Tangu nioe binti yake sikuwa nimesikia neno kama hilo.

Miezi mitano baadaye, mchana, akiwa na mama mkwe wakija Meru, gari liliacha barabara kwenye kona baada ya Chuka na kuingia mtaroni. Yeye alichubuka tu. Mama alivunjika nyonga.

Ni mimi niliyeitwa kulivuta gari. Nilipotoa gurudumu nikaona springi imekatika na ncha yake imechana tairi kwa ndani. Nilikuwa peke yangu. Niliitoa nikaificha stoo. Waliponiuliza nikasema tairi lilipasuka, basi. Mzee akasema labda alisinzia ndiyo maana akashindwa kulishika gari. Sikumkatiza.

Tangu hapo anaamini hivyo. Alisimama kanisani akamwomba mkewe msamaha mbele ya watu wote. Mke wangu alilia mpaka akatoka nje. Mimi nilibaki nikiangalia fundo la kamba ya viatu vyangu. Watoto wa mzee wakamnyang'anya funguo za gari. Mama sasa anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, na kutoka chumbani hadi jikoni anapumzika mara mbili.

Wateja watatu niliokuwa nimewafungia springi hizo niliwaita, nikawabadilishia, nikawaambia ni ukaguzi wa kawaida. Kwa hivyo si kwamba sijui lililo sawa. Nalifanya kwa watu nisiowaita baba.

Nakula, nalala, nafungua gereji. Sijatoa chozi hata siku moja.

Jumapili iliyopita tulikuwa Embu. Baada ya chakula, mzee aliniita uani, tukasimama kando ya gari. Aliongea polepole.

"Mwanangu, nitafutie mtu alichukue hili gari. Nilikaribia kumuua mke wangu, mimi sifai tena barabarani."

Nikamjibu, "Sawa, Mwalimu."

Akanishukuru. Akasema katika familia nzima ni mimi peke yangu ambaye sijawahi kumlaumu.

Nikisema ukweli, najua naweza kubaki bila mke. Nisiposema, mzee ataingia kaburini amebeba kosa langu. Ninyi ambao mioyo yenu bado inahisi kitu, niambieni: nianze na nani, mzee, mama, au mke wangu? Na nikishakaa mbele yake, neno la kwanza liwe lipi?